Bawabu na Seremala



Tunazo methali mbili zinazogombana kama majogoo wawili katika ua mmoja. Moja husema, "Haraka haraka haina baraka." Ya pili husema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mwenye kukaa ndani ya ofisi huipenda sana ile ya kwanza, mwenye kusimama nje ya mlango huijua ile ya pili. Jioni hii twataka kuwasimulia khabari za seremala mmoja aliyeifanya kazi kubwa ya kuwafaa watu wote, kisha akasimamishwa nje ya mlango mpaka akawa mzee wa miaka 80.

Hapana hata mmoja wetu asiyelijua neno "njoo kesho." Sisi wenyewe tuliwahi kutumwa na wazee wetu kupeleka barua katika ofisi moja, kuomba saruji ya kujengea kisima. Tulikwenda mara ya kwanza, tukaambiwa mwenye mhuri hayupo. Tulikwenda mara ya pili, yupo, lakini barua haina sahihi ya mzee wa tatu. Tukaipata sahihi, tukarudi, tukaulizwa ramani ya mahali pa kisima. Tukaichora. Hivyo hivyo mpaka mara ya saba, ndipo tukaambiwa kwamba barua yetu sharti iandikwe upya, kwa kuwa tarehe yake imekwisha kuwa ya zamani.

Hatusemi kwamba milango yote ing'olewe. Nyumba isiyo na mlango huingiwa na mbuzi, na hazina isiyo na bawabu huliwa na wajanja kabla ya wenye haja. Bawabu ni mtu wa lazima. Lakini yuko bawabu alindaye nyumba, na yuko bawabu alindaye mlango tu, akaisahau nyumba. Kisa chetu kitatuonyesha tofauti yao.

Kisa hiki ni cha Uingereza, tena ni cha baharini. Nahodha aliye katikati ya bahari, asiyeona pwani yoyote, hujiuliza maswali mawili. La kwanza: niko umbali gani upande wa kaskazini au wa kusini? Swali hili lilijibiwa tangu zamani. Manahodha wa Bahari ya Hindi walishika kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, wakapima kimo cha nyota ya kaskazini juu ya maji, wakajua walipofika. Swali la pili ni hili: niko umbali gani upande wa mashariki au wa magharibi? Umbali huu wa pili huitwa longitudo, na kwa muda wa karne nyingi hapakuwa na mtu aliyeweza kuupima barabara akiwa baharini.

Na jibu lake ni jambo la saa. Dunia hujizungusha mara moja katika saa 24. Basi kwa kila saa moja hugeuka digrii 15, na kwa kila dakika 4 hugeuka digrii moja. Tutoe mfano wa kwetu. Jua likifika juu kabisa Dar es Salaam, watu wa Kigoma, walio karibu digrii 10 upande wa magharibi, hulingoja bado dakika kama 38, ijapokuwa saa zao za ukutani husema sawasawa na zile za Dar es Salaam. Basi nahodha akichukua saa iliyoshika majira ya bandari alikotoka, na mchana akalitazama jua pale alipo, ile tofauti ya majira mawili humwambia amekwenda umbali gani. Hesabu ni nyepesi. Shida ilikuwa saa yenyewe. Saa nzuri za siku zile ziliendeshwa kwa uzito wenye kuning'inia na kupembea, nao hauwezi kupembea sawasawa katika merikebu inayoyumba. Tena joto hurefusha chuma, baridi hugandisha mafuta, na kosa la dakika 4 tu ni kosa la digrii nzima.

Msidhani kwamba jambo hili lilikuwa la wanachuoni tu. Mwaka 1707 manowari za Kiingereza, chini ya amiri Cloudesley Shovell, zilikuwa zikirudi kwao. Mabaharia walidhani wako mahali salama, kumbe walikuwa karibu na miamba ya visiwa vya Scilly. Usiku ule manowari 4 zilivunjika, na watu zaidi ya 1,000 walikufa maji, amiri mwenyewe pamoja nao, wakiwa karibu na nchi yao.

Basi mwaka 1714 Bunge la Uingereza lilitunga sheria. Mtu ye yote atakayeonyesha njia ya kujua longitudo baharini, kwa kosa lisilozidi nusu ya digrii, atapewa pauni 20,000. Zilikuwa mali nyingi mno kwa siku zile. Likawekwa na baraza la kuipima kila njia itakayoletwa: maamiri wa manowari, wakubwa wa Bunge, walimu wa hesabu wa Oxford na Cambridge, na yule bingwa wa elimu ya nyota aliyeitwa Mnajimu wa Mfalme. Hao ndio waliokuwa mabawabu.

Sasa tumlete seremala wetu. Jina lake John Harrison, aliyezaliwa mwaka 1693. Baba yake alikuwa seremala, na mwana alijifunza kazi ile ile katika kijiji cha Barrow, mbali na London. Hakusoma katika chuo kikubwa. Lakini mikono yake ilikuwa na akili, akaanza kuunda saa za mbao, nazo zilikwenda barabara kuliko saa nyingi za mafundi wa mjini. Kiasi cha mwaka 1730 aliposikia khabari za tuzo ile, alichukua michoro yake akaenda London.

Hapo alikutana na bawabu wa kwanza, naye alikuwa bawabu mwema. Mnajimu wa Mfalme wakati ule alikuwa Edmond Halley. Halley aliijua elimu ya nyota, hakuijua sana kazi ya saa. Hakumfukuza mgeni, wala hakujifanya kujua asilolijua. Alimwambia aende kwa George Graham, fundi mkuu wa saa katika mji ule. Harrison alimwendea kwa hofu, maana fundi aweza kumwibia fundi mwenziwe. Walianza kuzungumza asubuhi, wakazungumza mpaka usiku. Na Graham akamkopesha fedha za kuianza kazi, bila ya kumdai faida. Angalieni, wasikilizaji: mlango ulifunguliwa kwa siku moja, kwa sababu aliyekuwa nao alitaka kujua, hakutaka kuogopwa.

Mwaka 1735 mashine ya kwanza ilikuwa tayari, nayo ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 34. Mwaka 1736 ilipelekwa baharini mpaka Lisbon na kurudi. Katika kurudi waliiona nchi kavu, na mkuu wa merikebu akasema ni rasi fulani ya Uingereza. Harrison akasema sivyo, ni rasi nyingine iliyo mbali upande wa magharibi. Na ikawa kweli kama alivyonena. Yule mkuu hakuona haya. Alimwandikia cheti cha kushuhudia jambo lile. Mwaka uliofuata, 1737, likakutana baraza, na huo ndio mkutano wa kwanza ulioandikwa katika daftari lake. Baraza liliwekwa mwaka 1714!

Hapa yatupasa kusema kweli yote. Si kila kukawia kulikuwa kosa la mabawabu. Siku ile Harrison mwenyewe alizitaja aibu za mashine yake, akaomba fedha za kuunda nyingine iliyo bora. Aliunda ya pili, hakuridhika nayo. Akaunda ya tatu, nayo ikamla miaka karibu 19. Alikuwa mtu mgumu wa kuridhika, na kalamu yake haikuwa nyepesi kama tupa yake. Lakini mwisho aliona ya kuwa njia aliyoifuata ilikuwa na upungufu, akaiacha, akaunda kitu kingine kabisa: saa ya mviringo, upana wake kiasi cha sentimeta 13, mtu aweza kuishika mkononi. Saa hiyo ilikamilika mwaka 1759. Harrison alikuwa na miaka 66.

Tangu hapo ndipo kulipoanza kungoja kwenye kuumiza matumbo.

Mwaka 1761 saa ilipelekwa Jamaika, akiwa nayo William, mwana wa Harrison, maana baba alikuwa mzee wa safari. Walipofika mwaka 1762, baada ya siku 81, hesabu ilionyesha kwamba saa imekosea kiasi cha sekunde 5 tu. Sheria iliruhusu dakika 2. Je, walipewa tuzo? Baraza lilisema, labda imetokea kwa bahati. Tena longitudo ya Jamaika yenyewe haijapimwa vema. Iende mara ya pili.

Mwaka 1764 ikaenda mara ya pili, mpaka kisiwa cha Barbados. Safari hii saa ilikosea sekunde 39, nayo bado ilikuwa bora mara tatu kuliko ilivyotakwa na sheria. Je, walipewa? Baraza lilisema, sheria yataka njia ya kuwafaa mabaharia wote, na saa moja mikononi mwa fundi mmoja si njia ya wote. Mwaka 1765 ikatungwa sheria mpya: Harrison atapata nusu ya tuzo akiifungua saa yake mbele ya mashahidi na kueleza siri zake zote, nusu ya pili atapata zikiundwa saa nyingine mfano wa ile. Mzee alikasirika, kisha akakubali. Aliifungua saa, kipande kwa kipande, mbele ya mabingwa sita, akapata ile nusu.

Mwaka ule ule akawekwa Mnajimu wa Mfalme mpya, jina lake Nevil Maskelyne. Kwa cheo hicho aliingia katika baraza. Maskelyne hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Alikuwa bingwa wa njia nyingine ya kujua longitudo, njia ya kupima nafasi baina ya mwezi na nyota, na kitabu chake cha hesabu kiliwaongoza mabaharia kwa miaka mingi. Ila yeye alikuwa na njia yake, na sasa alipewa kuihukumu njia ya mwenziwe. Wazee wetu walisema, "Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake." Huna haja ya kuwa mwovu ili kuivuta ngozi upande wako; yatosha kuishika.

Mwaka 1766 Maskelyne alikwenda nyumbani kwa Harrison na hati ya baraza, akazichukua zile mashine tatu kubwa. Wachukuzi waliiangusha moja, kazi ya miaka mingi ya mikono ya mzee. Ile saa ndogo ikapimwa Greenwich kwa muda wa miezi 10, naye Maskelyne akaandika kwamba haiwezi kuaminiwa katika safari ndefu. Saa hiyo ndiyo iliyokwisha kwenda safari mbili na kushinda zote mbili.

Sharti jipya likaja: Harrison aunde saa nyingine mbili kwa mkono wake, na ile ya kuigiza hakurudishiwa. Wakati huo huo fundi mwingine, Larcum Kendall, alipewa kazi ya kuiiga, naye mwaka 1769 akatoa saa iliyofanana nayo kama pacha. Basi ikadhihirika kwamba yaweza kuigwa! Lakini baraza likasema, hiyo haihesabiwi, kwa kuwa hakuiunda Harrison. Hapo zamani walitaka kujua kama fundi mwingine aweza. Fundi mwingine alipoweza, walisema si yeye waliyemtaka.

Mwaka 1772 mwana William aliandika barua kwa Mfalme George wa Tatu. Mfalme aliwaita, akawasikiliza, kisha akaiweka saa mpya ya Harrison katika nyumba yake ya kutazamia nyota, akaiangalia siku baada ya siku. Haikukosea hata nusu ya sekunde kwa siku. Mfalme akawapa nguvu ya kulipeleka shauri lao Bungeni, na mwaka 1773 Bunge likaamuru Harrison alipwe pauni 8,750. Zilitoka kwa Bunge, si kwa baraza. Tuzo yenyewe kamili, kwa jina lake, hakupewa mtu ye yote milele. Mwaka 1775 nahodha James Cook alirudi kutoka safari ya miaka mitatu kuizunguka dunia, amechukua ile saa ya Kendall, akaisifu sana. Mwaka 1776 Harrison akafariki.

Wasikilizaji wetu, tuyatazame makosa ya baraza hili, maana hayakuwa ya karne ile tu.

Hatukuona mahali po pote kwamba waliomba rushwa. Wala maswali yao, ukiyachukua moja moja, hayakuwa ya upuuzi. Je, si bahati? Ni swali zuri. Je, fundi mwingine aweza kuiunda? Ni swali zuri zaidi, kwa sababu saa moja haiziongozi merikebu mia. Kosa lao ni kwamba hawakuyauliza yote siku ya kwanza. Waliuliza moja, lilipojibiwa, wakazua la pili, lilipojibiwa, la tatu. Maswali yanayokuja hivyo huwa si maswali tena, huwa ukuta unaoongezwa jiwe kila apatapo mtu kuupanda. Kosa la pili ni kumpa hukumu mtu mwenye mali yake katika shauri. Na kosa la tatu ni kubwa kuliko yote: waliihesabu fedha ambayo huenda ingetolewa bure, hawakuzihesabu merikebu zilizokuwa zikisafiri gizani katika miaka ile.

Tazameni pia jinsi cheo kimoja kilivyokuwa na watu wawili. Halley alikuwa Mnajimu wa Mfalme. Maskelyne alikuwa Mnajimu wa Mfalme. Mmoja alipoletewa jambo asilolijua, alimtafuta alijuaye. Wa pili alipoletewa jambo lisilo lake, alilitafutia upungufu. Kiti ni kile kile. Mlango ni ule ule.

Kwa hiyo twasema maneno machache kwa pande zote mbili.

Wewe usimamaye nje ya mlango, fanya kama Harrison na mwanawe. Kazi yako iwe njema kweli, hata wewe mwenyewe uweze kuzitaja aibu zake kabla hujaulizwa. Taka maandishi: cheti cha mkuu wa merikebu kilifaa kuliko maneno mia ya kusifu. Andika siku uliyokwenda na neno uliloambiwa. Tena jua ya kwamba juu ya kila mlango upo mlango mwingine. Kuuendea kwa adabu na kwa hati mkononi si utovu wa heshima.

Na ninyi vijana mnaosoma kitabu hiki shuleni, mtakuwa makarani, wauguzi, walimu wakuu, wenye mihuri na funguo. Siku moja mtu atasimama mbele ya meza yenu, vumbi miguuni, na karatasi aliyoifunga katika kitambaa. Mwambieni siku ile ile mambo yote yatakiwayo, si nusu yake. Ikiwa hamjui, mpelekeni kwa ajuaye. Ikiwa jambo lake lina ubishi na jambo lenu, mwachieni mtu mwingine alihukumu. Na ikiwa jibu ni "hapana," semeni "hapana," naye aende zake akatafute njia nyingine. "Hapana" ya leo ni rehema kuliko "kesho" za mwaka mzima.

Baraza lile lilivunjwa mwaka 1828. Saa za Harrison ziko Greenwich hata leo, na watu huenda kuzitazama. Na hata simu ya siku hizi, inayomwonyesha mtu mahali alipo, hufanya hivyo kwa msaada wa saa zilizomo ndani ya satelaiti huko juu. Fikra ni ile ile ya seremala wa kijijini: ukitaka kujua ulipo, shika majira ya kweli.

Tumalizie pale tulipoanzia. Kisima chetu kilijengwa mwishowe. Barua iliandikwa upya, saruji ikaja, maji yakapatikana, na karani akatupa mkono wa kutupongeza. Lakini katika miezi ile ya kwenda na kurudi, akina mama waliendelea kuteka maji ya mtoni, na watoto waliendelea kuyanywa. Ofisini limo daftari la kila mfuko wa saruji uliotoka. Watoto walioumwa matumbo katika miezi ile hawakuandikwa na mtu, kama wasivyoandikwa mabaharia waliokufa maji saa ikiwa imefungiwa sandukuni. Mwenye ufunguo na ajiandikie daftari hilo moyoni mwake, alisome kila asubuhi kabla hajaufungua mlango.